Majibu Kwanza, Maswali Baadaye

Nchi yetu ya Ridhaa haina kasoro. Nimeanza na hilo mapema ili tusije tukasumbuana huko mbele. Mgeni akishuka uwanja wa ndege hupokewa na bango kubwa lenye picha ya Mheshimiwa Nguzo ya Taifa akitabasamu, na chini yake maneno: "Karibu, yote yako sawa." Akishalisoma hupewa kitambaa kikavu cha kujifutia vumbi usoni, kwa sababu maji hayapo. Hayapo kwa muda. Tamko la Wizara ni kwamba mabomba yanapumzika, na mtu muungwana hamwamshi aliyepumzika.

Mimi ni mtumishi wa umma. Cheo changu ni Mpiga Makofi Mwandamizi, Idara ya Shangwe, Televisheni ya Taifa, na kituo changu cha kazi ni kiti cha mstari wa mbele katika kipindi cha Ana kwa Ana, kile kinachoalika wanasiasa, wasanii, wacheza mpira na watu wengine wanaopendwa na Serikali. Wenye wivu mitaani husema kazi yangu ni ya kitoto. Wajaribu wao kumpigia makofi Naibu Waziri wa Mifugo hotuba nzima, ya asubuhi na ya jioni, ndipo tuzungumze.

Nyumbani sina shabiki. Mke wangu, Bi Mwatumu, hutoka alfajiri kufuata maji kisima cha Magengeni na kurudi jua limeshapanda, shingo imemkaza kwa ndoo. Akinikuta nafanya mazoezi ya viganja, huitua ndoo na kusema, "Baba Jaha, makofi yako yangekuwa maji, tungeoga asubuhi na jioni na tukabakiza ya kudekia." Mwanamke ana ulimi huyu! Nampenda, lakini mambo ya utawala yamempita kando.

*

Zamani Ana kwa Ana kiliendeshwa kishamba, kama wanavyofanya mpaka leo katika nchi zisizoendelea: mtangazaji anauliza, mgeni anajibu. Siku moja mtangazaji wa enzi hizo, mtu asiye na malezi, alimtazama Waziri wa Barabara machoni akamuuliza, "Kwa nini?" Hakuongeza neno. Waziri alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena, macho yakamgeuka, akaanguka yeye na kiti chake. Madaktari walimpima wakasema kilichomwangusha ni swali la ghafla. Bunge likakaa kwa dharura, na tangu siku hiyo tuna utaratibu unaowaleta wageni kutoka nchi za mbali kuja kujifunza kwetu: jibu hutangulia.

Mambo huenda hivi. Mgeni huingia Chumba cha Majibu peke yake, au akiwa mkubwa zaidi, kamera humfuata kwake. Hukaa, akajibu. Hujibu analotaka, kwa urefu anaoutaka, bila mtu kumkera. Majibu yakishakaguliwa hupelekwa kwa mtangazaji, ambaye hutunga maswali ya kuyafaa, akayauliza siku nyingine mbele ya kamera nyingine, na mafundi wakaunganisha. Wewe uliye nyumbani unaona watu wawili wamekaa wanazungumza kwa raha. Hawajawahi kuonana. Jina la kipindi lilibaki lilelile kwa kuwa mabango yalikuwa yameshabandikwa.

Kamati ya Uhakiki hukagua majibu tu. Maswali hawajishughulishi nayo. Mwenyekiti wao alitueleza siku ya semina kwamba swali ni kama gazeti la kufungia maandazi, hakuna anayelisoma.

Na mtangazaji wetu ni Bi Asumini Kitwana, mtu pekee nchini mwenye kibali cha kuuliza maswali hadharani, tena mbele ya kamera tu. Mwanamke fundi yule. Waziri wa Afya aliwahi kurekodi jibu akiwa bandani kwake, anawatazama tausi wake: "Walikuwa watano. Mmoja alikufa Jumanne, mmoja haonekani, lakini waliobaki wanakula vizuri na wakichoka wanalala mtini." Mtangazaji mwingine angelia. Bi Asumini alikunywa chai yake, akapaka wanja, akageukia kamera na kuuliza, "Mheshimiwa, hali ya madaktari wetu wa wilayani ikoje?" Nchi nzima ilitulia. Hata madaktari wenyewe walitulia, wale watatu.

Nahodha wa timu ya taifa alirekodi "Tumejifunza mengi" kabla ya mashindano kuanza, kuokoa muda. Malenga wa Ikulu alirekodi jibu moja tu, "Ndiyo, tena sana," akasafiri, na hilo jibu limetufaa kwa kila kitu, kuanzia ushairi mpaka bei ya unga.

*

Balaa lilianzia kwa mdogo wake Bi Asumini, kijana mchekeshaji ambaye watu walimwita Chachandu kwa sababu ya maneno yake yanayowasha. Naye alialikwa, kwa kuwa juma lile lilikuwa zamu ya burudani. Akaingizwa Chumba cha Majibu, akaelekezwa aseme kwamba wasanii wana furaha. Taa zikawaka. Chachandu aliitazama kamera kwa muda mrefu, akajikuna kichwa kwa kucha kama mtu ambaye nywele zake hazijaguswa na maji tangu sikukuu iliyopita, kisha akasema:

"Maji yatatoka lini?"

Mafundi walitoka mbio, mmoja akaacha kiatu. Swali! Ndani ya Chumba cha Majibu! Askari walifika hata kabla hajainuka kitini.

Sasa tazama huruma ya sheria zetu. Nchi nyingine mtu hufungwa miaka. Kwetu, anayeuliza hadharani bila kibali hupelekwa Gereza la Subira, na hukaa humo mpaka swali lake lipate jibu kutoka kwa mwenye mamlaka. Likijibiwa, yuko huru siku hiyohiyo. Mzee mmoja aliyeuliza saa katika foleni ya benki alitoka mara tu askari wa zamu alipopata saa inayotembea. Mama mmoja aliyeuliza, "Mwanangu yuko wapi?" bado anasubiri, na nasikia wamempa mto.

Bi Asumini alimwendea Waziri wa Maji na Matumaini, Mheshimiwa Shebughe. Nilikuwepo, maana wizara hiyo haipokei mgeni bila mpiga makofi. Hakuuliza kitu, kibali chake hakifiki ofisini. Alipiga magoti.

"Mheshimiwa baba, nakuomba utamke tarehe. Tarehe yoyote. Hata ya uongo, mimi nitaipokea kwa mikono miwili. Mdogo wangu ana kifua, kule ndani kuna ubaridi."

Waziri alimwonea huruma sana. Alijifuta jasho kwa maji ya chupa.

"Mwanangu," alisema, "tarehe ni ahadi, na ahadi ni jibu, na majibu yangu ya mwaka huu nimeshayarekodi yote. Humo ndani hamna tarehe. Kuna 'tunalifanyia kazi', kuna 'mchakato unaendelea', na kuna wimbo. Chukua wimbo."

Kisha likaja tangazo kwamba Subira imejaa, na wote ambao maswali yao hayajajibiwa wangepakiwa kwenye lori jioni ya Ijumaa ile kupelekwa kambi ya Tafakuri, huko kwenye mchanga ambako hata mbuzi hukataa kwenda. Wanaopelekwa Tafakuri hutafakari kwelikweli. Hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kutusumbua na aliyoyapata.

Bi Asumini aliendelea na kazi. Alitabasamu palipotakiwa tabasamu. Lakini mimi niliyekaa mstari wa mbele niliona poda inafanya mifereji mashavuni, na niliona uchungu, sifichi. Na mimi nina dada.

*

Juma hilohilo ilikuwa Sikukuu ya Kukaa, siku tunayoadhimisha Mheshimiwa Nguzo alipokaa kitini kwa mara ya kwanza. Kila mwaka hurekodi majibu maalumu kwa taifa. Idara ya Shangwe yote ilipelekwa Ikulu, tukapangwa nyuma ya makochi.

Lazima niwaeleze utaratibu. Kamera ikishaelekezwa kwa Mheshimiwa haizimwi mpaka ainuke, kwa kuwa kila anachotamka ni jibu. Na sauti ya mtu mwingine yeyote ikiingia, mitambo huifuta. Basi Mheshimiwa alijibu mengi na mazuri. Alijibu kuhusu amani, akajibu kuhusu mgongo wake, akajibu tena kuhusu amani. Katikati ya hayo akaingia fundi mapazia, ambaye ana kibali maalumu cha kuuliza vipimo na siku, akainama mpaka chini.

"Mheshimiwa, yale mapazia mapya tuyalete lini?"

"Ijumaa hii," alisema Mheshimiwa. "Saa kumi alasiri. Kila mahali, mpaka uani kwa watumishi. Na sitaki visingizio."

Tulipiga makofi. Mimi binafsi niliyapigia mapazia makofi ya daraja la juu kabisa, yale ya kusimama.

Kesho yake tulikuwa studio, tunasubiri kurekodi shangwe za kuongezea. Bi Asumini alikuwa amevaa vile vidude vya masikioni, anasikiliza majibu ya Ikulu. Akasimamisha mtambo. Akarudisha nyuma. Akasikiliza tena. Akavivua vidude taratibu, akawasha kamera yake ili kibali kifanye kazi, akanigeukia.

"Kaka yangu, wewe ulikuwepo. Hapa alikuwa anajibu nini?"

"Mapazia, Bi Asumini. Ya Ikulu."

"Ahaa." Alivizungusha vidude kidoleni. "Na nikimuuliza jambo jingine, jibu lake litakuwa limeharibika?"

"Jibu la Mheshimiwa haliharibiki," nilisema kwa fahari, kwani hilo tulifundishwa.

"Ndivyo nilivyofikiri na mimi."

Alijitazama kwenye kioo, akarekebisha mtandio, akaikabili kamera.

"Mheshimiwa Nguzo, sisi wanao tuna kiu. Maji yatatoka lini?"

Nilijua wajibu wangu. Nilipaswa kwenda moja kwa moja Ofisi ya Usikivu kumripoti. Lakini ukiingia ofisi ya watu sharti usalimie, na "habari za kazi" ni swali, na maswali ya salamu yalipigwa marufuku maofisini tangu mwaka jana. Kuingia bila salamu nako ni utovu wa adabu, mama yangu hakunilea hivyo. Nikaenda zangu nyumbani.

*

Kipindi kilirushwa Jumatano. Nilikuwa nimekaa na Bi Mwatumu, tunagawana muhogo wa kuchoma, na sauti ya Mheshimiwa ikajaa chumbani: "Ijumaa hii. Saa kumi alasiri. Kila mahali, mpaka uani kwa watumishi. Na sitaki visingizio."

Mke wangu aliacha kutafuna. Nje kulilipuka kelele, mtaa mzima, hata jirani yetu Mzee Sudi ambaye hajawahi kushangilia goli. Watu walitoa ndoo, madumu, masufuria, beseni za kufulia, na mmoja alitoa kitanda cha mtoto akakiziba kwa nta. Bi Mwatumu alinitazama kwa namna ambayo hajanitazama tangu harusi.

"Kumbe mkubwa ana moyo," alisema.

Nilikula muhogo wangu.

Ikulu hali ilikuwa nyingine. Baraza la Mawaziri lilikutanishwa, nasi wapiga makofi tukaitwa, kwa sababu halikai bila sisi. Mheshimiwa Nguzo alikuwa ameshakitazama kipindi, na alikuwa amejipenda sana.

"Nimejibu vizuri," alisema. "Mtu ana msimamo yule. Hasa pale pa visingizio."

Waziri Shebughe alikuwa ameloa mwili mzima, katika mji usio na tone. "Mheshimiwa Nguzo, kwa unyenyekevu mkubwa, yale maneno yalikuwa ya mapazia."

"Kwa hiyo unasema nilichosema sikukisema."

"Hapana, Mheshimiwa! Ulikisema, tena ulikisema vizuri, ila..."

"Basi."

Tukapiga makofi. Waziri akajaribu njia nyingine. Alipendekeza, kwa manufaa ya taifa, Ijumaa iahirishwe. Iitwe Alhamisi ya Pili, na baada yake iwepo Alhamisi ya Tatu, mpaka wataalamu wajiridhishe. Baraza likaona ni wazo la kitaalamu, na Waziri wa Sheria alishaanza kuitungia kanuni. Mheshimiwa alikataa katakata. Ijumaa alikuwa na mapazia yanakuja.

Lisilo budi hutendwa. Maji mengi katika Ridhaa yalikuwa mahali pamoja tu, kwenye bwawa la kuogelea la Ikulu, na tangi la mji liko juu ya kilima cha pili kutoka hapo. Mapampu yalikuwa yameshauzwa siku nyingi na waliopewa kuyatunza. Basi tangu Alhamisi asubuhi viongozi wetu walipanga mstari kutoka bwawani mpaka tangini, ndoo mkono kwa mkono. Macho yangu yaliona majaji na mawigi yao, Waziri wa Ulinzi na nishani zake, Spika akiwaamrisha wenzake watulie huku maji yanamwagikia kiatuni. Malenga wa Ikulu, aliyekuwa amerudi safari kwa bahati mbaya, aliulizwa na Spika kama ndoo ni nzito. Hata kabla hajafikiri akajibu, "Ndiyo, tena sana." Spika naye akaangalia huku na huku kama kuna aliyesikia amemuuliza mtu.

Na mimi nilibeba. Ndoo ya kwanza nilimkumbuka Bi Mwatumu. Ya pili nilimkumbuka zaidi, na kufikia adhuhuri shingo yangu ilikuwa na maoni ya kisiasa ambayo sikuyajua hapo kabla. Sikuyapenda.

*

Wakati huo Bi Asumini alikuwa amekwenda Gereza la Subira kumwona mkuu wa gereza, Afande Mbwego. Afande huyo ni mtu mwema, anafuata sheria mpaka usingizini. Yote haya nilikuja kusimuliwa na askari wake.

"Dada yangu, jibu nimelisikia kwa masikio yangu," alimwambia. "Limetoka kwa mwenye mamlaka kuliko wote. Ningekufungulia mdogo wako sasa hivi. Lakini jibu lenyewe ni la Ijumaa, na leo Alhamisi. Jibu ambalo halijafika ni kama uji ambao haujaiva, siwezi kukuandalia."

"Lori linaondoka Ijumaa, Afande."

"Ijumaa jioni. Maji ni alasiri. Bomba la lango langu likitoa maji saa kumi, mdogo wako anatoka. Lisipotoa, atapanda lori na wenzake, na mimi nitasikitika sana. Nina kitambaa kabisa."

Bi Asumini hakurudi nyumbani. Alikaa kwenye jiwe mbele ya bomba lile, akalitazama.

*

Ijumaa alasiri mji wote ulikuwa mbele ya Gereza la Subira, kwani bomba la pale ndilo la chini kuliko yote na watu walisema ndiko maji yatakakoanzia. Lori la Tafakuri lilikuwa limeshaegeshwa, injini inanguruma. Waziri Shebughe alikuwepo kupokea shukrani. Sisi wa Idara ya Shangwe tulipangwa ukutani, migongo inatuuma, mimi nikiwa wa mwisho kabisa pembeni. Bi Mwatumu alikuwa mbele na ndoo mbili, amevaa kanga mpya.

Saa kumi ikafika. Bomba likanyamaza.

Bi Asumini alisimama. Midomo yake ilikuwa inakwenda, na mtu hahitaji kuambiwa anayeomba anaomba nini. Kondakta wa lori alishuka akafungua mlango wa nyuma. Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa sauti ya chini.

Ndipo bomba likakohoa. Likatema hewa, likatema kutu, likatema mjusi, kisha maji yakaja. Yalikuja kwa nguvu, yenye harufu ya dawa ya bwawa na ya mafuta ya kujipaka ya mke wa Mheshimiwa, na watu walilia, walicheka, walijimwagia vichwani, walisukumana. Afande Mbwego alipita katikati yao, akakinga kiganja, akaonja, akafikiri.

"Ni maji," alisema. "Swali limejibiwa. Fungueni."

Chachandu alitoka amekonda, shati linapepea mwilini, anakohoa. Dada yake hakungoja afike. Alimkimbilia akamkumbatia, akamshika uso kwa mikono miwili, akautazama, akamkumbatia tena. Sisi tulipiga makofi kwa mujibu wa ratiba, ila nilisahau kuhesabu, jambo ambalo halijawahi kunitokea.

Kisha uzi wa maji ukapungua. Ukawa mwembamba, ukawa tone, tone jingine, bomba likanyamaza kimya. Bwawa la Ikulu lilikuwa limekwisha. Robo ya watu walikuwa wamejaza ndoo. Wengine walikuwa na maji ya kufunika kitako cha ndoo, na wengi hawakuwa na kitu isipokuwa nguo zilizoloa.

"Haya, Bi Asumini, mchukue mdogo wako," alisema Afande kwa upole. "Na wewe kijana, usiulize tena."

Chachandu alilitazama bomba. Aliwatazama akina mama na ndoo zao. Dada yake alimwona mdomo unavyofunguka, akanyoosha mkono kumziba, akachelewa.

"Na kesho?" alisema Chachandu.

Hakusema kwa kelele. Alisema kama mtu anayeuliza chumvi mezani. Afande Mbwego alifumba macho kwa huzuni, akatoa pingu kiunoni. Bi Asumini alijiweka katikati, mgongo kwa mdogo wake, mikono imenyooshwa pande zote mbili, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutunga neno lolote.

"Ehee, na kesho?" sauti ikatoka mbele. Niliitambua sauti ile. Nimeishi nayo nyumba moja. Bi Mwatumu alikuwa amegeuza ndoo yake juu chini na kuipiga kitako. "Si nauliza? Na kesho?"

"Na kesho?" wakasema waliokuwa naye. Halafu Mzee Sudi. Halafu wale wa nyuma, ambao hawakusikia kilichoulizwa lakini walikuwa hawana maji.

Afande alizitazama pingu zake, pea moja. Alilitazama gereza, ambalo lilikuwa limejaa tangu mwezi uliopita. Alitazama lori. Mtu huyu amefuata sheria maisha yake yote, na jasho lilikuwa linamtiririka. Akamgeukia Waziri.

"Mheshimiwa, nifanye nini?"

Waziri Shebughe alijitenga naye hatua, kama mtu aliyeona nyoka.

"Unaniuliza mimi?" alisema.

Kisha na yeye akasikia alichokisema, akaweka mkono mdomoni.

Afande Mbwego alimtazama Waziri, Waziri akamtazama Afande, na kila mmoja alijua mwenzake sasa ni wa Subira. Hakukuwa tena na wa kumkamata mwenzake. Taratibu sana, kama baba anayeficha peremende, Afande alirudisha pingu kiunoni. Bi Asumini alimshika mdogo wake mkono, wakapita katikati ya watu, na hakuna aliyewagusa isipokuwa kuwapa njia. Lori lilizimwa injini.

Sisi wapiga makofi tulibaki ukutani bila maelekezo. Ratiba ilikuwa imekwisha. Mimi, kama mtumishi mwaminifu, niliamua kuwaangalia wahaini wote mmoja mmoja ili niweze kuisaidia Serikali baadaye. Ndipo nikasikia, karibu sana na sikio langu, sauti moja ya kiume, nzito, yenye kukwaruza kama ya mtu aliyekaa miaka mingi bila kuitumia, ikisema kwa hasira:

"Na kesho je?"

Niligeuka haraka kumtambua mpumbavu huyo. Nyuma yangu palikuwa na ukuta tu.